Dada alikuja na familia nzima kujitolea kambi ya matibabu Pemba: yaliyonikuta nikiwa nesi dhamana

#1 NesiWaZamu
Assalaam alaykum jamani.

Miye ni muuguzi, kituo changu kiko Kaskazini Pemba, jina la kijiji niachieni mwenyewe. Mwaka juzi dada yangu wa tumbo moja, naye muuguzi, miaka ishirini na ushei yuko Uingereza, alikuja na mumewe, wanawe wawili (wa kiume miaka 17, wa kike 14), daktari mmoja wa magonjwa ya watu wazima na mpimaji macho anaofanya nao kazi. Siku sita za kambi. Naandika kwa sababu kila ukifika mwezi wa tano simu yangu haipumui. Shangazi yuko Toronto anataka kuja na mabinti, mtoto wa ami yuko Muscat anataka kuja na mkewe mfamasia, na swali ni moja: "Watoto watapata kazi gani?"

Kazi ipo. Lakini sikilizeni kwanza.

Tuanze na masanduku. Dada alikuja na masanduku mawili ya dawa. Alikusanya kwa moyo safi mwaka mzima, nyingine kanunua, nyingine kapewa na majirani ambao mgonjwa wao kafariki au kabadilishiwa dozi. Tulifungua usiku ule ule sebuleni kwa mama, wanaume wamekwenda kusali. Amlodipini ya presha nusu kasha. Metformini ya sukari iliyobakisha miezi mitatu. Vidonge vya mzio vyenye maandishi ya Kipolishi. Mama akaokota tyubu ya kuchua mgongo akaitia chini ya mto, hiyo hatukuiona tena. Zilizobaki nikamwambia dada: hizi hazitoki humu ndani kwenda kituoni. Akanitazama kama niliyemtukania wazazi.

Kumbukeni yeye ndiye aliyenilipia ada ya chuo cha uuguzi. Kila muhula.

Naweka wali jikoni, narudi.

#2 MkeWaNahodha
Nishatandika mkeka, lete. Hiyo ya mama kuficha dawa ya mgongo nimecheka peke yangu daladalani. Wangu ni hivyo hivyo, panadol ikitoka Ulaya anaiita "ile yenyewe".

#3 NesiWaZamu
Nimerudi. Asubuhi ya kwanza.

Kituo chetu kina vyumba vitatu, baraza na mwembe mmoja mkubwa. Nafika saa moja, namkuta dada keshapanga viti, keshabandika karatasi ukutani, shemegi kasimama mlangoni na namba mkononi. Hakuna aliyeniuliza. Nikanyamaza, nikasema leo ni siku ya kwanza, tuone.

Saa nne watu wakaanza kunung'unika. Kwenda kuangalia, namba ishirini za mwanzo, kumi na mbili ni ukoo wetu. Shemegi wa watu hakukusudia. Yeye ni mhandisi, mtu wa Mjini Unguja, mpole. Mtu akija akamwambia "miye mjomba wako kwa upande wa bibi", mkono ushafika kwenye namba. Yakhe, Pemba nani si mjomba wako? Kulikuwa na bibi mmoja katembea tangu alfajiri, namba yake thelathini na kitu. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Hii kambi ya matibabu au khitma ya ukoo?"

Nikamwita dada pale kwenye tangi la maji. Nikamwambia: "Nyumbani wewe mkubwa wangu, na nitakubusu mkono mpaka nife. Humu ndani mkubwa ni rejista." Hakujibu. Alikuwa kavaa beji aliyojitengenezea, imeandikwa kiongozi. Akaivua, akaitia mfukoni.

Namba tukampa mhudumu wetu wa afya wa jamii, anayejua nyumba ipi ina mgonjwa kweli na ipi ina mtu kaja kutazama wageni. Shemegi nikamtoa mlangoni nikampa kazi ya mikono. Kulikuwa na mlango wa choo hafungi mtu tangu mwaka uliopita, wanawake wanashikiliana zamu. Akautengeneza, akatia na komeo. Wallahi katika kambi nzima ile, mpaka leo kijijini kinachoombewa dua ni mlango wa choo.

#4 PakaWaNungwi
Samahani nesi, unaandika vizuri, lakini miye naona ni matembezi yaliyovishwa koti jeupe. Tiketi za watu sita kutoka Uingereza, piga hesabu. Pesa ile ingenunua dawa za presha za kijiji kizima. Wanakuja wiki moja, picha mtandaoni na mtoto mwenye kamasi, halafu wako huku kwetu pwani wanaota jua. Na hao watoto wa miaka 14 wanajitolea nini? Wanajitolea kuona umaskini.

#5 TabibuMstaafu
Mwanangu Paka, maneno yako makali ila hayakupotea njia. Tatizo ni kuwa pesa ile ya tiketi isingetumwa. Mtu hutuma pale alipopaona kwa macho. Hilo nimelishuhudia miaka mingi, si jambo la kuona raha lakini ndivyo watu walivyo.

Nataka nimuunge mkono nesi kwenye dawa, maana watu wataona alikuwa na roho ngumu. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa misaada ya dawa, wa kwanza ulitoka 1996 na umesahihishwa baadaye. Dawa ifike ikiwa imebakisha angalau mwaka mmoja. Isiwe dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa ikarudi. Maandishi yawe katika lugha wanayoielewa watumishi wa pale. Na iwe imeombwa, ni dawa inayotumika nchini, si kile kilichopatikana kabatini. Yale masanduku yalivunja yote manne kwa mkupuo. Juu ya hayo, kuingiza dawa Zanzibar kwa ajili ya kuwapa watu kunataka kibali cha Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, kabla ya safari. Sanduku la nguo si kibali.

Mtu anadhani dawa nzee kidogo ni bora kuliko hakuna. Lakini amlodipini nusu kasha ni ya wiki mbili. Mgonjwa wa presha anaimeza wiki mbili, anaona kichwa kimetulia, inakwisha, haipati nyingine ya rangi ile, na zile za kituoni anaziona za uongo kwa sababu hazifanani nazo. Umemharibia matibabu ya miaka.

#6 BintiChake_Leicester
Asanteni wote. Miye ndiye yule yule mnayemsema. Nina binti mwaka wa tatu wa udaktari na mvulana wa miaka 15. Mume wangu mkaguzi wa hesabu. Tunataka kuja Agosti. Tuna pasi za Uingereza sote, mama yangu yuko Chake. Vibali vikoje? Nikiuliza huku kila mtu ananiambia "njoo tu, nyumbani kwenu".

#7 TabibuMstaafu
Nyumbani kwenu ni kwa mama yako, mwanangu. Kituo cha afya si nyumbani kwa mtu.

Kwa kuwa mna pasi za nje, na Tanzania haina uraia pacha, nyinyi mlangoni ni wageni. Viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi, hata ya bure. Kuna kibali cha muda mfupi cha shughuli zisizozidi miezi mitatu, na wanaojitolea muda mrefu huombewa kibali cha makazi daraja C. Aombe anayewapokea, si nyinyi. Daktari na muuguzi anayetaka kumgusa mgonjwa lazima asajiliwe kwa muda na baraza la fani yake hapa Zanzibar, kwa hiyo vyeti na barua ya usajili wa huko viandaliwe mapema, si wiki ya safari. Barua ipite wizarani, ishuke kwa daktari dhamana, ifike wilaya, na sheha, kiongozi wa serikali wa pale kijijini, ajue. Usimruke sheha, tafadhali.

Binti wa mwaka wa tatu si daktari. Aje kama mwanafunzi, kwa barua ya chuo chake, awe chini ya daktari wa hospitali. Mvulana wa 15 na baba yake hawahitaji usajili, kwa sharti kuwa hawamgusi mgonjwa. Na tangu Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar hulipa bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, mtu mzima dola 44. Watu huisahau hiyo wanapopiga hesabu ya familia.

#8 Mchuma_Karafuu
Agosti?? Haya njooni. Mtawakuta mbuzi.

#9 NesiWaZamu
Mchuma kasema utani lakini ndivyo. Dada naye alikuja Agosti kwa sababu skuli za Uingereza zimefungwa. Karafuu zimewiva, kijiji kizima kiko juu ya mikarafuu, na anayebaki chini anachambua. Siku ya pili mpaka saa tano tulikuwa na wagonjwa saba. Wanaanza kuja saa kumi, wamechoka, mikono inanukia karafuu, wamepiga baskeli mlima. Ukimfunga mtu mkanda wa presha hapo hapo unasoma 170. Daktari mgeni alikuwa anataka kuandika dawa. Nikasema hapana, kila mtu akae chini ya mwembe dakika tano, miguu chini, asizungumze, apimwe mara mbili. Saa akashika kijana wa dada. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa hiyo, kuwazuia wazee wa Kipemba wasizungumze dakika tano. Jaribuni muone ugumu wake.

Wengi walishuka mpaka 140 na kitu kwa kukaa tu.

Sasa kosa langu. Naliandika kwa sababu nimewasema wengine. Siku ya tatu nilimtoa kijana kwenye saa nikamweka kwa daktari awe mkalimani. Kiswahili anacho, cha jikoni kwa mama yake, kizuri tu. Mzee mmoja akaingia, akakaa upande upande, akasema, "N'na mshipa." Kijana akamfasiria daktari kuwa mzee ana shida ya mshipa wa damu. Daktari akashika mkono akahesabu mapigo, akatazama shingo, akapandisha suruali mpaka magotini kuangalia miguu. Mzee katazama dari. Yeye keshasema, tena kwa haya zake zote keshasema, na watu wanamshika miguu! Robo saa. Napita mlangoni nasikia neno lile mara ya tatu, nikaingia.

Kwa mtu mzima wa kwetu mshipa ni busha, au ngiri. Hakuna kidonge cha kuliondoa, ni kupasuliwa. Nikamwandikia rufaa. Alipotoka akamwambia kijana, "Umejitahidi, mjukuu wangu." Kijana uso ukawa kama pilipili hoho.

Kisa cha pili hakichekeshi. Mama wa makamo, kila akiulizwa anasema kichwa. Kichwa chaniuma, mwanangu. Kijana kafasiri sawasawa kabisa. Presha nzuri, macho mazuri. Akapewa panadol, akasimama. Kisha akakaa tena akawa anafunga mkoba wake, na ule mkoba haukuwa umefunguliwa. Nikamwambia kijana nenda kaniletee maji. Mlango uliporudi, akasema. Siku zake zilikwisha kukata miaka minne nyuma, sasa damu imerudi, na huu mwezi wa tatu.

Angemwambiaje mtoto wa kiume, tena mtoto wa kiume ambaye bibi yake ni shoga yake wa maulidi?

Damu baada ya hedhi kukoma si jambo la kungojea kambi, inatakiwa ichunguzwe upesi. Alikwenda hospitali wiki ile ile. Yaliyofuata ni yake.

Tokea hapo nikaweka sharti: mwanamke kwa mwanamke, pazia liwe kanga mbili si moja, na mkalimani asiwe ukoo wa mgonjwa. Ukoo wetu umejaa kijiji kizima, kwa hiyo nikaazima muuguzi kutoka kituo kingine siku tatu. Familia yako inapokuja kujitolea pale pale ulipozaliwa, unaleta na macho ya familia. Wazungu waliokuja na dada hawakuliona hilo, wao walifikiri mgonjwa atakuwa huru zaidi kwa jamaa yake.

#10 MkeWaNahodha
Ya mkoba imenikaa hapa. Nimefanya hivyo miye, na mkoba wangu.

#11 BabuWaMkoani
Nawasoma. Kijukuu ndiye anayeniandikia.

Madaktari wa Kichina walianza kuja Zanzibar 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, na mpaka leo wanapokezana, wengi watu wa jimbo la Jiangsu. Hospitali yetu ya Abdalla Mzee hapa Mkoani China ndiyo iliyoijenga upya, ikafunguliwa 2016. Wacuba nao wakaja, na skuli ya udaktari iliyoanza 2007 kwa msaada wa chuo chao cha Matanzas imetutolea madaktari wetu wenyewe.

Ninaowajua miye hawakuja na wake wala watoto. Zamani kidogo mmoja alimtibu mke wangu. Alikuwa na picha ya mwanawe kwenye mfuko wa koti. Mtoto yeyote akiingia anamuuliza mama, miaka mingapi, halafu anaitoa picha anaitazama, anamtazama mtoto. Anapima urefu. Alikaa muda mrefu hapa, na yule kwenye picha hakukua hata kidogo.

Kwa hiyo miye sisemi mtu asije na wanawe. Nasema tu wale walitukalia. Siku sita mtu hajajua njia ya kwenda Kengeja.

#12 Shangazi_Mbweni
Babu umenitoa machozi na uzee huu.

Nilifanya kazi hapa Unguja na muuguzi mmoja Mholanzi. Siku hizi yuko kwenye meli ya hospitali ya Mercy Ships. Yuko na mumewe, fundi mitambo, na watoto wawili. Ni shirika la Kikristo, na wanaojitolea hawalipwi, kwa miaka mingi wao ndio waliolipia chakula na malazi yao. Watoto wana skuli mle mle melini. Nikamuuliza, wanasaidia wodini? Akaniambia watoto kazi yao ni skuli. Mama anashuka ngazi kwenda wodini, watoto wanakwenda darasani, wanaonana chakula cha usiku kama familia yoyote.

Upande wa pili Madaktari Wasio na Mipaka, kwa kawaida safari zako za mwanzo unakwenda peke yako, familia inabaki. Wanakwenda penye vita na kipindupindu, haishangazi.

Hilo ndilo la kuchagua. Ama familia inahamia na kuishi, ama mmoja anakwenda na wengine wanangoja. Hii yetu ya likizo ya wiki mbili iko katikati, ndiyo maana inatuchanganya.

#13 PakaWaNungwi
Nimemsoma Babu, nimepoa kidogo. Ila nesi hujajibu. Yule wa miaka 14 alifanya nini?

#14 NesiWaZamu
Paka una haraka, nilikuwa nakuja.

Kwanza alitaka kwenda kuoga mtoni na binamu zake. Nikamkatalia, akalia. Kichocho chetu ni cha mkojo, kinakaa kwenye maji ya mto na madimbwi yenye konokono, na dakika chache za kucheza majini zinatosha. Wenyeji wanakijua, watoto wao wanapimwa na kupewa dawa skuli. Mgeni anarudi kwao na mkojo wa damu, daktari wa huko hajui hata aanzie wapi. Mkija na wanenu, hilo mbele ya yote. Baharini waogelee wakipenda.

Halafu nikampa meza ya miwani ya kusomea. Mpimaji macho anapima, anaandika namba kwenye karatasi, yeye anatoa kwenye kasha: 1, 1.5, 2, mpaka 3. Kazi ya dukani. Mwenye mtoto wa jicho hapewi miwani wala hapasuliwi kambini, anaandikiwa rufaa, maana kupasua kwenyewe ni dakika chache, lakini kesho yake nani atamfungua jicho amtazame, na zile wiki za matone nani atamsimamia?

Siku ya nne akaja bibi mmoja, akaukataa ubao wa herufi. "Miye sisomi hivyo vyenu." Akafungua ukapu akatoa kofia ya viua, nusu. Sindano imechomekwa pale pale alipoachia, miaka miwili nyuma kwa maneno yake, na uzi umeshageuka rangi. Binti akamvalisha 2, bibi akatikisa kichwa. Akamvalisha 2.5. Bibi akachomoa sindano, akakata uzi mpya kwa meno, akaulamba, akatunga. Mara moja. Hakusema ahsante wala nini. Akaanza kushona hapo hapo kwenye kiti. Foleni imesimama, watu arubaini nyuma, na hakuna aliyemwambia ondoka mpaka alipomaliza kiua kimoja akakivuta kwa kidole kuona kama kimekaza.

Binti aliniuliza usiku kofia ile itauzwa bei gani. Nikamwambia. Akanyamaza, akasema basi ile ya baba aliyonunua uwanja wa ndege...

Na picha hakuna, Paka. Simu zilikaa kwenye ndoo yenye mfuniko ofisini kwangu tangu asubuhi mpaka kufunga. Siku ya kwanza binti alishampiga picha mtu mwenye matende, mguu tu, anasema alitaka kumuonesha mwalimu wake. Mguu ule kijiji kizima kinaujua ni wa nani. Ikafutwa mbele ya mwenyewe.

#15 PakaWaNungwi
Hilo la ndoo nakupa mkono.

Lakini swali la mwisho. Bibi yangu alipewa miwani na kambi nyingine kabisa, si yenu. Mwezi wa pili mkono wa miwani ukavunjika, kaufunga kwa uzi wa kuvulia, sasa anaivaa upande mmoja umepanda kama tanga. Kambi yenyewe iko wapi? Ishakwenda zake.

#16 NesiWaZamu
Mlete bibi. Hilo kasha lilibaki kwangu, na ndilo jambo pekee nililogombana na dada mpaka mwisho nikashinda. Alitaka miwani yote igawiwe iishe, aone kazi imekamilika. Nikasema robo ibaki na bisibisi ndogo ibaki.

Na presha vile vile. Walioonekana presha juu mara mbili, siku mbili tofauti, niliwaandika kwenye daftari langu mwenyewe, arubaini na mmoja. Daktari mgeni alipotaka kuwaandikia dawa nzuri ya kwao, nikamwambia andika inayopatikana kituoni hapa mwezi ujao nikiwa peke yangu. Akakubali, alikuwa mtu muungwana. Wao waliondoka Jumapili. Jumatatu nilikuwa na daftari, mwembe, na watu wale wale. Hadi leo kumi na wawili sijui wako wapi. Wengine nafikiri walikuwa wachumaji kutoka kusini, wamerudi kwao na karatasi yangu mfukoni.

#17 MkubwaWake
Mdogo wangu, salaam. Nimeletewa uzi huu na watu watatu tofauti, mmoja yuko Copenhagen.

Beji haikuandikwa kiongozi. Iliandikwa mratibu. Na hukuniambia pale kwenye tangi la maji, uliniambia barazani, mbele ya mume wangu na mbele ya yule mama wa namba thelathini, ndiyo maana sikujibu. Kwenye tangi la maji nilikwenda mwenyewe, baadaye. Wewe ulikuwa ndani unapima watu.

Dawa niliona umenionea, halafu nikasoma maneno ya huyu mzee Tabibu hapo juu, sioni hivyo tena. Nilizirudisha duka la dawa huku wakaziteketeza. Tyubu ya mama bado anayo.

Kijana wangu anasoma hapa pembeni yangu. Anasema hakuwa kama pilipili hoho. Ana kidaftari, tangu siku ile anaandika kila neno la ugonjwa analosikia kwa mama kwenye simu: mshipa, chango, baridi yabisi, kiherehere cha moyo. Kwenye chango kaandika kurasa mbili na hajaelewa. Anakuuliza: kichomi ni mapafu au ni mbavu?

#18 NesiWaZamu
Dada. Barazani, ndiyo. Nisamehe.

Mwambie mwanangu asitafute kichomi kwenye kitabu. Amwambie mgonjwa "niwekee mkono panapouma", kisha atazame mkono umekwenda wapi. Na chango ni mambo ya wanawake, mwanamume asiandike, amuachie dada yake.

#19 MkubwaWake
Anasema sawa. Mwaka huu tukija, nije mwezi gani? Sitaki kukata tiketi halafu niwakute mbuzi.

#20 NesiWaZamu
Skuli zenu zikifungwa Disemba njooni, uchumaji ukishapungua. Nyinyi wawili na watoto tu, sitaki daktari safari hii, nataka mnisaidie kuwatafuta wale kumi na wawili. Shemegi aje na spana. Masanduku matupu. Nunua mikanda miwili ya kipimo cha presha, ile mipana, wanawake wetu wana mikono na huu mmoja nilionao umeanza kuvuja upepo.